Kahawa Iliyouzwa Ingali Ua

Kakakuona ana mwendo wake peke yake. Husimama kwa miguu ya nyuma, kichwa amekiinamisha, mikono ameikunja kifuani kama mtu anayerudi kwenye benchi baada ya kupokea Meza ya Bwana. Kwa mwendo huo tu wanyama wa Mkuyuni walimfanya mzee wa kanisa bila hata kupiga kura. Tena kakakuona hana jino hata moja kinywani, na asiye na meno nani atamwogopa?

Bibi mzaa mama alinisimulia hekaya hii Bukoba, tukigeuza kahawa kwenye mikeka uani. Kila msimu aliisimulia kwa namna nyingine. Mara mchungaji alikuwa Korongo, mara alikuwa Kanga. Kakakuona hakubadilika. Nami kila msimu, tukifika mahali fulani, nilimwita mnafiki, na kila msimu Bibi alinikatiza.

"Usimwite hivyo. Alikuwa akisali kweli. Angekuwa mnafiki, hadithi ingekuwa fupi."

Basi kanisa la Mkuyuni lilikuwa chini ya mkuyu mkubwa, na kwa kuwa Zakayo alipanda mkuyu, kila mwaka Mchungaji Korongo alihubiri habari za mtoza ushuru yule mfupi aliyeshuka mtini, akampokea Bwana nyumbani kwake, akaahidi kurudisha mara nne. Wanyama waliyapenda mahubiri hayo. Ngedere waliigiza kupanda, watoto wakashangilia. Sehemu ya kurudisha ilikuja mwisho, wakati ibada imeshakuwa ndefu na sufuria zinangoja majumbani.

Ta Kakakuona (kwa Wahaya mwanamume anayeheshimiwa huitwa Ta, na mama wa watu huitwa Ma) aliamka kila siku kabla ya jogoo. Alipiga magoti akawaombea majirani mmoja mmoja kwa majina, kuanzia nyumba ya juu kilimani mpaka ya mwisho mtoni. Wagonjwa aliwatembelea. Ngoma ya kwaya aliinunua yeye. Bati za nyumba ya mchungaji alizinunua yeye. Fungu la kumi alilitenga kabla hajaonja kitu. Hayo yote yalikuwa kweli, na ukienda Mkuyuni leo bado watakuambia.

Na alikuwa na daftari.

Kilichoandikwa ndani ya daftari lile kina jina kwetu Kagera: butura. Mkulima aliyebanwa na shida anauza kahawa yake ingali mtini, mara nyingine ingali ua, kwa bei atakayotajiwa, maana hana nguvu ya kubisha. Wakulima wa korosho kule Lindi na Mtwara wana kangomba, nayo ni ndugu wa butura. Butura imekatazwa, imehutubiwa, imelaaniwa mikutanoni. Haiishi kwa tangazo, kwa sababu huingia nyumbani usiku pamoja na homa ya mtoto.

Aliyeona mibuni ikichanua hasahau. Mvua ikinyesha baada ya kiangazi, miti inafumuka karibu siku moja, shamba zima linakuwa jeupe na kunukia kama asumini. Baada ya siku chache maua yamedondoka. Kutoka hapo mpaka tunda liwe jekundu ni miezi kama kumi kwa kahawa yetu ya robusta, na miezi kumi ni mirefu. Ndani yake kuna Januari na mahitaji ya shule, kuna malaria, kuna mnyauko ulioingia migombani ukaacha kibanja kimesimama bila mkungu. Mkulima anautazama utajiri wake juu ya mti, na dukani hakuna anayepokea ua.

Ma Funo alikuwa mjane mwenye mibuni arobaini katika kibanja alichoachiwa na mumewe. Usiku ule mtoto wake alipoanza kuweweseka kwa homa, alikimbilia kwa Ta Kakakuona, kwa kuwa mlango wake haukufungwa kwa mtu.

"Bwana asifiwe, Ta."

"Amina, mwanangu. Ingia. Mtoto yukoje?"

"Anawaka moto. Dawa ipo dukani kwa Nungunungu, lakini Nungunungu hakopeshi."

"Keti. Tuombe kwanza."

Wakaomba. Hapa Bibi alishusha sauti, akasema ombi lile lilikuwa zuri, na machozi yaliyomtoka Kakakuona yalikuwa machozi ya kweli. Alimtaja mtoto kwa jina lake la ubatizo. Aliposema Amina alifuta macho, akavuta daftari, akauliza ni mibuni mingapi iliyochanua.

"Arobaini, Ta."

"Tuandike yote?"

Ma Funo alisikiliza upande wa nyumbani kwake, kama anayeweza kumsikia mtoto kutoka pale. "Yote," akasema.

Akaandika arobaini. Ma Funo akachovya kwato kwenye wino, akaligandamiza pale alipoonyeshwa. Ta Kakakuona akamhesabia fedha za dawa, akamwongezea kilo ya sukari ambayo hakuiandika popote, kisha akamsindikiza mpaka njia panda kwa sababu kulikuwa na giza.

Mtoto alipona. Jumapili iliyofuata Ma Funo alisimama kanisani akashuhudia jinsi Mungu alivyomtumia Ta Kakakuona, na chini ya mkuyu vigelegele vikapigwa. Ushuhuda ulikuwa wa kweli, vigelegele vilikuwa vya kweli. Hakuna aliyedanganya Mkuyuni siku ile. Sala na daftari vilikuwa vimekaa meza moja, chini ya taa moja, wala havikuulizana lolote.

Hapo ndipo nilipokuwa nikimwita mnafiki, na ni hapo ambapo leo ulimi wangu hauthubutu.

Kwa miaka kadhaa, mshahara wangu ukiingia, sadaka ilitangulia. Bahasha ya fungu la kumi niliifunga siku ileile. Binti aliyenisaidia kazi za nyumbani, aliyeamka kabla yangu na kulala baada yangu, alisubiri ujira wake mpaka tarehe 10, mara nyingine mpaka tarehe 15, nami nilimwambia, "Vumilia kidogo, mdogo wangu," kwa upole kabisa. Jioni tulisali pamoja sebuleni. Niliwaombea wazazi wake kijijini. Sikuona kosa lolote. Ningeulizwa, ningesema nyumba yangu ni nyumba ya sala. Usiku mmoja zamu ya kuomba ilikuwa yake. Akamsihi Mungu afungue njia mama yake apate fedha ya kwenda hospitali. Fedha yenyewe ilikuwa chumbani kwangu, kwenye pochi, haijafika siku niliyopanga kuitoa. Nikaitikia Amina. Amina ile ilinikaa kooni mpaka asubuhi, na nilipomlipa kulipokucha alinishukuru kana kwamba nimempa zawadi. Shukrani ile iliniuma kuliko kama angenilaumu.

Bibi alimfahamu Kakakuona kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mlokole. Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ulienea Uganda ukafika mpaka kwetu Bukoba, na watu huukumbuka kwa wimbo wa Tukutendereza na kwa waumini waliosimama hadharani wakaungama wakilia. Bibi aliukumbuka kwa njia za miguu. Alisema njia za kijijini zilikuwa na watu wanaorudisha vitu: huyu anaswaga mbuzi, yule amebeba jembe begani, mwingine ana blanketi kwapani na haya usoni. Asubuhi mlango ukibishwa, hukujua kama ni mgeni au ni mwizi wako amekuletea sufuria. Wapo waliocheka. Wapo waliosema hawa wamerukwa na akili, kwa nini wajiaibishe kwa jambo ambalo hakuna aliyelijua? Lakini waliopokea sufuria zao hawakuhitaji kuelezwa habari njema ni nini. Bibi hakuwahi kuniambia kama yeye alirudisha au alirudishiwa. Nilipomwuliza aliendelea kugeuza kahawa.

Turudi Mkuyuni. Miezi ikapita, Ma Funo akaipalilia mibuni arobaini isiyokuwa yake tena. Aliichuma, akaanika, matunda yakakauka yakawa meusi yakilia ndani ya maganda. Kisha akayabeba kichwani mpaka ghala la Ta Kakakuona, safari tisa, na mtoto nyuma yake amebeba kidogo alichoweza. Kila safari walikaribishwa maji. Kila safari Ta Kakakuona alisema, "Mungu akubariki, mwanangu," na hakuna neno alilolisema kwa moyo kuliko hilo.

Ikafika Sikukuu ya Mavuno. Wenye desturi hiyo wanaijua: waumini wanakwenda madhabahuni wakicheza, na mikungu, na kuku, na vikapu vya maharage, baada ya ibada vitu hivyo vinanadiwa, na mkungu mmoja unaweza kununuliwa kwa bei ya mitano, na kila mtu anafurahi kwa kuwa fedha ni ya kazi ya Mungu. Mnadi wa Mkuyuni alikuwa Kunguru, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya mto. Mfungua mnada alikuwa Ta Kakakuona siku zote. Yeye ndiye aliyetaja bei ya kwanza, na mara nyingi ya mwisho. Na alichokinunua hakukipeleka kwake. Alikigawa palepale kwa wajane. Ma Funo alikwisha kula ndizi zake miaka mitatu mfululizo.

Mwaka ule Ma Funo aliingia kwenye mstari na kikapu kichwani. Alikuwa amekiosha, akakitandika jani bichi la mgomba. Alipokiweka chini mbele ya madhabahu, Mchungaji Korongo aliinama akachungulia, akanong'ona:

"Ma, umesahau kitu nyumbani?"

"Hapana, Mchungaji. Nimevuna, na haya ndiyo mavuno yangu."

Hakuwa na hasira. Bibi alilisisitiza jambo hili kuliko yote. Ma Funo hakwenda kumshitaki mtu. Aliona vibaya kubaki nyumbani siku ya shukrani, na kukopa ndizi kwa jirani ili amtolee Mungu aliona ni kumdanganya. Alikuwa na mtoto aliyepona, na alitaka kushukuru. Akaleta alichokuwa nacho.

Mnada ukaanza, ukaenda vizuri, kuku wakauzwa, maharage yakauzwa. Kunguru akafikia kile kikapu. Akakiinua, akakiona chepesi, akakitazama ndani, na kwa mazoea ya kazi yake akapaza sauti:

"Kikapu! Nani anafungua?"

Wote wakageuka kumtazama Ta Kakakuona. Hawakumtazama kwa lawama. Ni mazoea tu, kwa kuwa ndiye afunguaye siku zote. Kunguru naye, pasipo ubaya wowote moyoni, akamwuliza, "Ta, tuanzie ngapi?"

Ta Kakakuona akafungua kinywa kutaja bei. Mkuyuni nzima hakuna aliyejua bei ya kikapu kitupu isipokuwa yeye. Ilikuwa imeandikwa ukurasa wa kumi na mbili, kwa mkono wake, na chini yake kuna alama ya kwato.

Akajikunja.

Kakakuona aliyejikunja hafunguliwi. Simba humgeuza kwa kucha, humtafuna, humwacha. Magamba yanabaki nje, kichwa na tumbo vinabaki ndani, na hakuna sauti inayotoka. Kina mama walidhani ameugua, wakamfunika kitenge. Chiriku akaanzisha wimbo ili watu wasiogope, kwaya ikaimba kwa nguvu zaidi ya siku zote. Wazee wakaweka mikono juu ya magamba wakamwombea. Jua likatua, watu wakatawanyika, na Ta Kakakuona akabaki chini ya mkuyu kama jiwe. Akabaki siku ya pili. Akabaki siku ya tatu.

Usiku wa siku ya tatu Mchungaji Korongo alitoka nyumbani kwake, akaketi karibu naye kwenye majani.

"Ta," akasema, "bati ninazolalia chini yake nazijua zilitoka wapi. Daftari lako nalijua. Nimemhubiri Zakayo miaka kumi na saba, na miaka yote kumi na saba niliharakisha pale mwisho. Nilijiambia watu wamechoka. Sikutaka unitazame nikiwa nasoma mahali pale."

Alitaka kuendelea akashindwa. Akakaa tu, umande ukilowesha taji lake. Nampenda mchungaji huyu kwa usiku ule kuliko kwa mahubiri yake yote. Hakumwambia Kakakuona fanya hivi au vile. Alianza na la kwake.

Tumbo la kakakuona halina magamba. Ni laini, lina ngozi tupu, na hilo ndilo analolificha anapojikunja. Karibu na usiku wa manane magamba yakaanza kusogea. Ta Kakakuona akajikunjua polepole, kama anayeumwa kila kiungo, akasimama. Safari hii hakukunja mikono kifuani. Alikwenda nyumbani, akachukua daftari, akashika njia ya mtoni.

"Bwana asifiwe, Ma."

Miaka yote alimwita mwanangu. Ma Funo alilisikia neno lile jipya, akafungua mlango haraka.

"Amina, Ta. Kuna msiba?"

"Upo. Nimekuja nao."

Alimpa kiti. Kwa desturi ya kwetu mgeni haketi bila kupewa punje za kahawa za kutafuna, zilizochemshwa na kukaushwa, hata kama nyumba haina kingine. Ma Funo alinyoosha mkono kwenye kile kikapu kidogo cha punje kama alivyozoea tangu aolewe, mkono ukakuta utupu, akaurudisha. Akampa maji. Ta Kakakuona aliona yote mawili, mkono ulivyokwenda na ulivyorudi.

Njiani alikuwa amepanga namna ya kufanya. Ataweka daftari mezani, atasema maneno mawili matatu, ataondoka kabla hajatazamwa sana.

"Lisome, Ma," akasema, akalisukuma upande wake. "Kisha ulichane."

"Sijui kusoma, Ta. Unajua."

Alijua. Wino wa kwato lile aliuchanganya yeye.

Basi akalivuta, akatafuta ukurasa wa kumi na mbili, akaanza kusoma kwa sauti. Mibuni arobaini. Tarehe. Fedha za dawa. Alisoma yaliyoandikwa, kisha akasema yasiyoandikwa: kahawa ile iliuzwa kwa kiasi gani ilipofika kwa mnunuzi mkubwa, na ngoma ya kwaya ilinunuliwa kwa fedha ipi. Ma Funo alisikiliza akiwa amesimama. Hakulia, wala hakusema nimekusamehe. Jambo lilikuwa bado linaingia.

"Safari tisa ulizobeba," Ta Kakakuona akasema, "nitazibeba mimi kuzirudisha. Kwa kichwa changu, mchana, watu wakiona. Na baada ya hizo, nyingine mara tatu."

Ma Funo akanyamaza kitambo. Chumbani mtoto alikuwa ameamka, amesimama mlangoni na shuka mabegani.

"Mimi ni ukurasa wa ngapi?" Ma Funo akauliza.

"Wa kumi na mbili."

"Basi kuna kumi na moja mbele yangu."

"Kuna kumi na moja mbele, na nyuma yako kuna nyingine."

"Anzia wa kwanza, Ta."

Akarudi mwanzo wa daftari. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa Kwera, mibuni kumi na minane, kwa ajili ya sanda ya mkewe. Alipolitaja jina hilo kwa sauti, nje kulisikika mtu akisimama njiani. Ukuta wa nyumba ya Ma Funo ulikuwa wa fito na udongo, na usiku sauti husafiri. Kisha mwingine akasimama. Ta Kakakuona aliwasikia, na mgongo wake ukaanza kuvutika kwenda chini kama unaotaka kujikunja. Akashika ukingo wa meza.

Mtoto akaja akasogeza taa karibu na karatasi, ili mzee aone vizuri, na Ta Kakakuona akafungua ukurasa wa pili.